Ulimi Ulioshiba

Katika mji ule mtu hakuthubutu kusema amekula vizuri mpaka Ulimi aseme. Ungeweza kukaa mgahawani, ukatafuna, ukalamba vidole, ukarudi nyumbani umelegea kwa raha. Lakini Jumamosi gazeti likitoka na Ulimi ameandika kwamba pale hapakuwa na kitu, basi Jumatatu kazini nawe ulikuwa unatikisa kichwa na kusema ndiyo, kweli, hata wewe ulihisi kuna jambo halijakaa sawa kwenye ule mchuzi. Watu wazima wenye meno yao na vinywa vyao walikuwa wamemwachia mtu mmoja kazi ya kuonja.

Ulimi halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alilipata gazetini, ambako alikuwa na ukurasa wake ulioitwa "Wapi Tukale", wa migahawa, baa na vibanda vya kahawa vilivyofunguliwa karibuni. Na mji ule kwa kufungua ulikuwa haujambo. Duka la viatu likifungwa mwanzoni mwa wiki, mwishoni mwa wiki limekuwa baa. Palipokuwa na gereji, mafuta machafu hayajakauka sakafuni, watu wameshaketi kwenye viti virefu wanakunywa kahawa iliyochorwa jani juu ya povu. Kulikuwa na mgahawa ulioitwa Kizani, ambako wateja walikula katika giza totoro ili, kwa maneno ya mwenyewe, wakutane na chakula bila upendeleo. Wengi walikutana na uma puani. Kulikuwa na mwingine ambako mhudumu hakukuuliza utakula nini. Alivuta kiti, akaketi, akakuuliza umeamkaje moyoni, na kutokana na majibu yako akakuletea karoti.

Ulimi alipita kote huko, na kote huko hakusifu hata mahali pamoja. Silaha yake ilikuwa maneno mawili tu, na mji mzima uliyajua: "Nilikula. Sikuguswa." Yakichapwa Jumamosi, wiki haijaisha mwenye mgahawa ameanza kupandisha viti juu ya meza mchana kweupe. Wasomaji walimpenda mno, kwa sababu kusoma mwenzako akitwangwa ni burudani isiyohitaji hata kutoka nyumbani. Mhariri wake alimpenda zaidi. "Mtu asiyeridhika na kitu," alizoea kusema, "huyo ndiye anayejua vitu." Kwa kipimo hicho mhariri angekuta wataalamu wengi kwenye foleni ya hospitali, lakini hakuna aliyemwambia.

Sasa, siri ya ulimi ule ilikuwa tumboni, na tumbo lenyewe lilikuwa chini ya himaya ya Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake Ulimi. Ndiye aliyemlea Ulimi na mdogo wake wa kike, Kitinda, katika nyumba ndogo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kusimama kitini, na malezi yake yote aliyajenga juu ya sheria moja: mtoto wa kwake haendi kwa watu na tumbo tupu. Sheria hiyo ilizaliwa kwenye harusi ya jirani, Ulimi akiwa bado mdogo, alipoinua sahani na kuomba chakula kwa mara ya tatu mbele ya kadamnasi. Mama wa bwana harusi alicheka akasema kwa sauti, "Jamani, huyu kwao hawapiki?" Tangu hapo bwana na bibi harusi walishaachana, na mama mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Shangazi alikwenda mpaka mazishini, akiwa amekula. Lakini lile neno halikuzikwa.

Kwa hiyo kila Alhamisi jioni, kabla ya kwenda kuonja kwa ajili ya gazeti, Ulimi alipitia kwa Shangazi. Alikuta meza imeshatandikwa: wali, maharage, kuku wa kukaanga, mboga, na matunda ya kusukumia. Mkewe wala hakupika siku hiyo, na yeye mwenyewe mchana hakugusa kitu, kwa kumheshimu Shangazi.

"Ongeza," Shangazi alisema.

"Nimeshiba, Shangazi."

"Umeshiba ya hapa. Ya njiani je?"

Akaongeza. Akaingia garini, akalegeza mkanda, akaenda mgahawani akipumua kwa juu juu. Huko sahani ilipofika aliitazama kama mtu anavyoitazama kazi ya kesho. Alionja kijiko, akaonja cha pili kwa ajili ya haki, akaweka kijiko chini. Hakuguswa. Na tumtendee uadilifu: hakuwa mwongo. Pale alipokuwa amefika, hata angeshushiwa chakula na malaika asingeguswa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila wahenga hawakuwa na ukurasa gazetini.

Yeye mwenyewe aliuamini ulimi wake kwa moyo wote. Aliutoa mbele ya kioo asubuhi akaukagua. Hakunywa chai ya moto asije akauunguza. Kila Alhamisi alifuatana na mpiga picha wa gazeti, baba wa watoto wanne, mtu mwenye mashavu yaliyobonyea, ambaye alimaliza sahani yake, akamaliza na ya Ulimi, kisha akasema, "Mbona tamu?" Ulimi alimhurumia kwa dhati. Alimwona kama mtu aliyezaliwa bila sikio la muziki.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka mji umalize wapishi, kama Kitinda asingekuja nyumbani kwake jioni moja na habari.

Kitinda alikuwa amepika kwenye jiko la hoteli kubwa kwa miaka mingi, chini ya mpishi mkuu aliyetokea kwenye televisheni kila mwezi kueleza vyakula ambavyo Kitinda ndiye alivibuni. Mikono yake ilikuwa na alama za moto kuanzia kwenye viwiko kushuka. Aliketi ukingoni mwa kochi, akakataa soda.

"Kaka, nafungua Alhamisi ijayo. Pale palipokuwa na kinyozi. Meza sita."

"Hongera sana! Nitakuja Jumapili na wifi yako na watoto."

"Ndugu ninao. Namtaka mtu wa gazeti."

Ulimi akashusha pumzi, akaanza kumweleza maadili ya taaluma. Alipenda sana kuyaeleza, na aliyaeleza vizuri, kwa mikono. Kitinda alisubiri mpaka yakaisha.

"Sikuombi unisifu," alisema. "Sema kweli tu. Ukisema kweli, mimi inanitosha. Lakini usiponiandika kabisa hatakuja mtu, na wewe unajua hatakuja mtu. Na mimi hotelini nimeshaaga, kaka. Kisu changu ameshapewa mwingine. Hii ikifa, sina pa kurudi."

Ulimi alilipeleka jambo hilo kwa mhariri, akitumaini atakatazwa. Mhariri alifurahi mpaka akasimama.

"Andika mstari wa kwanza kabisa kwamba ni dada yako. Ukimponda, watu watakuona malaika."

"Na nikimsifu?"

"Watakuona kaka yake."

Alhamisi ikafika. Ulimi alifika kwa Shangazi na uamuzi kamili kichwani. "Leo sili, Shangazi," alisema mlangoni. "Naenda kwa Kitinda."

Shangazi alishika kiuno. "Hasa kwa Kitinda! Mtoto wa watu ndio kwanza anafungua mlango, wewe uingie umekodoa macho, ufagie sahani, wageni waseme kaka mtu amekuja kudoea? Kaa chini."

Furaha ilikuwa imemzidi siku hiyo. Alikuwa amepika tangu asubuhi kwa sababu hakuweza kutulia, na hakutaka kwenda kwa Kitinda mwenyewe asije akalia mbele ya wateja. Machozi ambayo hakutaka kuyapeleka kule aliyageuza kuwa chakula, na chakula chote akakielekeza kwa mpwa wake. Palikuwa na kuku mzima. Palikuwa na wali wa aina mbili. Ulimi alipoinuka ilibidi ashike meza, na Shangazi akamsindikiza mpaka garini akimfuta punje za wali kifuani.

"Mwambie namwombea," alisema. "Na wewe ukale kwa adabu."

Kwa Kitinda vioo vya kinyozi vilikuwa bado ukutani, kwa hiyo kila mteja alikula akijitazama. Kiti kimoja cha kunyolea, kile cha kuzunguka, kilikuwa kimebaki kando ya mlango kwa kuwa kilifungwa sakafuni kwa boliti zilizoshika kutu. Hapakuwa na maua mezani, hapakuwa na mishumaa, na mhudumu alikuuliza utakula nini. Kitinda alimpelekea kaka yake samaki wa kuchoma na wali, chakula alichokuwa akikipika tangu alipoweza kufikia jiko kwa kusimama juu ya ndoo. Kisha akasimama kwenye kidirisha cha jikoni na taulo begani, akamtazama.

Ngozi ya samaki ilikuwa kavu inayovunjika, nyama ndani nyeupe. Mpiga picha alipiga picha moja, akaonja, akaiweka kamera sakafuni. Hakuigusa tena. Alikula amefumba macho, na alipofika kwenye kichwa cha samaki alianza kuguna.

Ulimi akaweka kipande mdomoni. Akakizungusha upande huu, akakipeleka upande ule. Alijitahidi kweli. Alimtafuta samaki katika kinywa chake kama mtu anayetafuta miwani, akakuta uzito tu. Akameza kwa maji. Simanzi ikamwingia moyoni, simanzi ya kweli kabisa. Maskini, aliwaza, miaka yote hiyo, na kumbe mdogo wangu hajui kupika.

Kitinda alitoka jikoni akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. "Vipi, kaka?"

"Utasoma Jumamosi."

Jumamosi Kitinda akasoma. Mji mzima ulisoma. "Mpishi ni mdogo wangu wa tumbo moja," Ulimi alikuwa ameandika, "na haki haina ndugu. Nilikula. Sikuguswa." Alipoyasoma upya maneno hayo yakiwa yamechapwa, machozi yalimlenga, na hayakuwa ya dada yake. Aliguswa na uadilifu wake mwenyewe. Simu zilimiminika. Wasomaji walimwita mtu wa pekee, mwamba, mfano kwa viongozi. Mhariri alimpigia mara mbili. Kitinda hakupiga.

Baada ya siku chache Ulimi alipita ile barabara kwa gari, polepole, kwa bahati mbaya iliyompa kazi ya kuzunguka mitaa minne. Kupitia dirishani aliona meza sita, vioo, na Kitinda akipangusa meza iliyokuwa safi. Vioo vilimwonyesha Kitinda mmoja mara nyingi, na hapakuwa na mtu mwingine ndani. Ulimi alikanyaga mafuta akaondoka.

Alhamisi iliyofuata alikwenda kwa Shangazi kama kawaida, na kwenye korido tu alijua mambo yameharibika, maana hapakunukia kitunguu. Shangazi alikuwa amekaa sebuleni, gazeti limekunjwa mapajani.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi hakuitikia. Katika maisha yake yote Ulimi hakuwahi kumsalimia Shangazi akakosa marahaba, hata siku alipovunja kioo cha jirani.

"Yule mtoto nimemfundisha mimi," Shangazi alisema hatimaye. "Chumvi yake ni chumvi yangu. Samaki wake ndiye samaki wangu, hata namna ya kumgeuza ni yangu. Kama chake hakikukugusa, basi na changu hakijawahi kukugusa. Miaka yote hii umekuwa ukinila bure."

"Shangazi, ile ni kazi. Haki haina..."

"Nimesoma, haina ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani wanasema tu."

Ulimi alisimama. Alitaka kusema jambo kubwa, la heshima, la kumaliza ugomvi. Lililomtoka lilikuwa: "Kwa hiyo leo hujapika kabisa?"

"Jiko limefungwa. Nenda kwa hao wanaokugusa."

Hao wa jioni ile walikuwa Zege, mgahawa mpya ulioongelewa kuliko yote. Kuta zake zilikuwa za saruji isiyopigwa lipu, nondo zimeachwa zimechomoza makusudi, na mtu wa kubuni mambo hayo alikuwa amelipwa vizuri ili jengo lionekane kama fundi alikimbia. Viti vilikuwa vya saruji. Vijiko vilikuwa vizito kama spana. Chakula kililetwa juu ya kigae cha paa la nyumba, kwa maana sahani zilikuwa zimepitwa na wakati, na kilichukua muda mrefu kufika kwa sababu, mhudumu alieleza, jikoni hawakuamini katika haraka.

Ulimi hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Kwanza alitazama mlango wa jikoni. Kisha akaanza kuisikia harufu ya meza ya jirani. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, akafikiri anaumwa, kwa kuwa njaa ya kiasi hicho ilikuwa mgeni aliyepotea siku nyingi na hakuikumbuka sura yake. Mkate ulipokuja, umepakwa majivu ambayo mhudumu aliyaita kumbukumbu ya moto, Ulimi hakusubiri maelezo yaishe.

Aliguswa. Aliguswa kuanzia kwenye fizi mpaka kwenye visigino. Aliumega mkate ule akaona dunia ina wema, na watu wake ni wema, na majivu ni kitu ambacho binadamu alikuwa amekionea siku zote. Akapangusa kigae kwa kidole. Akaomba mkate mwingine. Akautazama wa mpiga picha.

"Chukua tu, bosi," mpiga picha alisema, akitema kitu kwenye kitambaa. "Una mchanga."

Ulimi alimhurumia tena, akauchukua.

Jumamosi ukurasa mzima ulikuwa na kichwa cha neno moja: "Nimeguswa!" Mji ulipigwa na butwaa. Ulimi kasifu! Kufikia mchana foleni ya Zege ilikuwa imezunguka jengo, watu wamevaa nguo zao nzuri, wakakaa kwenye saruji wakaanza kutafuna. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Kila mmoja alisema mmh. Wiki nzima mji ulikula majivu kwa nidhamu ya hali ya juu, na waliokosa meza walionewa huruma.

Kisha mama mmoja akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha asubuhi, akasema mumewe naye ameguswa kweli: ameguswa jino, na muda ule wako kwa daktari wanalitoa. Mtangazaji alicheka mpaka akashindwa kuweka muziki. Hapo ndipo kila mtu alipopata ruhusa. Simu ya redio haikupumzika tena. Kumbe wote walihisi mchanga, tangu tonge la kwanza, ila walimwachia mwenzao aseme.

Mhariri alimwita Ulimi ofisini, akafunga mlango.

"Niambie ukweli. Wamekulipa?"

"Hapana, wallahi."

"Afadhali wangekulipa," mhariri alisema, akajishika kichwa. "Hilo ningeweza kulieleza."

Alimwagiza arudi Zege, ale tena, aandike sababu za kuutetea ule mkate. Mkewe Ulimi, aliyemwona anavyozunguka nyumbani kama kuku aliyemwagiwa maji, alimwonea huruma akampikia chakula cha mchana cha kumtia nguvu, na nguvu hizo akampakulia mara mbili. Ulimi akaenda Zege. Kiti kilikuwa kilekile, kigae kilekile, majivu yaleyale. Akauma.

Ulikuwa mchanga mtupu. Meno yalikwaruza, ulimi ukajikunja. Akatazama mkate, akatazama mlango wa jikoni, akataka kumwita mhudumu aulize kama wamebadilisha mpishi. Kisha akatazama chini, kwenye mkanda wake, ambao alikuwa ameulegeza garini bila hata kufikiri, kama alivyoulegeza kila Alhamisi ya maisha yake ya kazi.

Aliona haya. Si ile haya ya mbele za watu, maana watu pale walikuwa wachache na walikuwa na shida zao za kutafuna. Ilikuwa haya iliyopanda mpaka masikioni ikakaa. Akawakumbuka wale ndugu wawili wa mgahawa wa supu waliofunga baada ya maneno yake, ambao sasa wanauza matairi. Akamkumbuka mwanamke wa kibanda cha kahawa aliyempigia simu ofisini, si kwa ubaya, akiuliza tu ni wapi alipokosea ili arekebishe, naye akamjibu kwamba ladha haielezeki. Akamkumbuka Kitinda kwenye kidirisha, taulo begani. Hakuwa na ulimi mkali. Alikuwa na shangazi mkarimu.

Asubuhi iliyofuata hakunywa hata chai. Alikataa mkate, akakataa ndizi, mchana akapita mbele ya watu wanaokula akageuza uso. Jioni, tumbo limeshikamana na mgongo, aliendesha gari mpaka kwa Kitinda. Alikuwa amejiandaa njiani. Angemkuta anapangusa meza, angekaa, angekula samaki wote waliobaki, angeguswa ipasavyo, kisha angeandika ukurasa mzima na kuliokoa jiko la mdogo wake. Alishauona mpaka uso wa Kitinda atakavyomshukuru.

Pa kuegesha gari hapakuwepo. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, wengine wamekaa kwenye ngazi za duka la jirani. Kwenye kioo cha mlango ulibandikwa ukurasa wake mwenyewe wa gazeti, na yale maneno mawili yamezungushiwa kalamu nyekundu. Mwanamume mmoja kwenye foleni alikuwa akimweleza mwenzake kwa ufasaha kama mwalimu: "Hesabu ndogo tu. Kama alichokisifu ni mchanga, basi alichokiponda ni asali." Mwenzake alikubali. Hakuna kati yao aliyekuwa ameonja kitu. Mji haukuwa umeanza kuuamini mdomo wake wenyewe. Ulikuwa bado unautumia ule wa Ulimi, ila sasa uliuvaa kinyume.

Kitinda alimwona kutoka ndani akatoka, jasho usoni, taulo begani. Alikuwa amekonda. Wakasimama kando ya foleni.

"Kitinda, siku ile nilikuja nimeshiba. Shangazi alinilisha kuku mzima. Sikuweza hata kumeza."

Kitinda aliteremsha taulo begani. "Kwa hiyo hukuonja."

"Sikuonja."

"Unajua nilikuwa nafanya nini, kaka, zile siku hakuja mtu? Nilikuwa nachoma samaki mmoja kila siku, nakaa pale mbele ya kioo, nakula peke yangu, natafuta kosa. Nilianza kulihisi. Wallahi nilianza kulihisi lile kosa, na halipo." Alijipangusa uso kwa taulo. "Na wale wengine wote uliowaandika?"

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Nitakusamehe. Ila leo nina watu."

"Naomba basi nile. Nina njaa, Kitinda. Safari hii nina njaa ya kweli."

"Panga foleni," Kitinda alisema, akarudi jikoni.

Akapanga foleni. Ilikuwa ndefu, na kila mlango ulipofunguliwa harufu ya samaki ilimfikia ikamshika shati. Mate yalimjaa. Tumbo lilikuwa likiimba kwa sauti mpaka mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka kutazama. Hakujali. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alikuwa anakwenda kula akiwa tayari kula, na jambo hilo lilimpa fahari kidogo, kwa sababu fahari kwake haikuwa mbali. Watu wakapungua mmoja mmoja mpaka akafika mlangoni.

Kwenye kile kiti cha kinyozi, kilichoshindikana kung'olewa, alikuwa ameketi Shangazi. Alikuwa amejipa mwenyewe cheo cha mlinzi wa mlango, na ukubwa wake na wa kiti vilikuwa vimeelewana. Ndiye aliyeamua nani aingie.

"Shikamoo, Shangazi," Ulimi alisema kwa sauti ndogo.

Shangazi alimtazama toka utosini mpaka kwenye viatu. Aliona midomo iliyokauka. Aliona mkanda uliobanwa tundu la mwisho.

"Marahaba," aliitikia.

Ulimi alikaribia kulia kwa neno hilo moja.

"Umekula?" Shangazi akauliza.

"Sijala!" Ulimi alijibu, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amelipata jibu sahihi. "Sijala tangu asubuhi, Shangazi. Nimekuja na njaa yangu yote."

Shangazi aligeuza macho haraka kutazama foleni iliyokuwa nyuma, kuona kama kuna aliyesikia. Kisha akamvuta kwa mkono, akamwinamia sikioni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaongea kwa kunong'ona.

"Unakuja kwa watu na tumbo tupu? Mbele ya watu wote hawa?" Akamfunga vizuri kifungo cha shati. "Nyumbani nimekufunikia wali na kuku. Ufunguo uko palepale. Nenda ukale kwanza, mwanangu, ndipo uje."

Akamsogeza kando kwa upole, akapandisha sauti yake ya kawaida, na kumwita aliyefuata.